Injini gani tuweke kwenye Chevelle ya zamani?

Habari zenu wadau, mliopo Dar, Mombasa, Bukavu na kwingineko. Leo tunafungua boneti la Chevrolet Chevelle, zile za 1968 hadi 1972. Huku Marekani wanaziita magari ya misuli. Mnaniuliza sana: mtu akiikuta imechoka, aweke injini gani?

Kabla ya spana, soma namba ya chesesi. Kwa gari la 1968, ikianza na 138, hiyo ni SS396 (toleo la kasi, lenye injini ya inchi za ujazo 396) halisi tangu kiwandani. Ikianza na 136 ni Malibu, Chevelle isiyo SS. Kuanzia 1969 SS ikawa nyongeza tu, namba ya chesesi peke yake kwa kawaida haithibitishi SS. Kisha angalia uso mdogo uliosawazishwa mbele ya bloku, upande wa abiria, chini ya silinda hedi. Pamegongwa sehemu ya namba ya chesesi. Kama zinalingana, hiyo injini usiiuze wala usiikate. Ifunge kwenye godoro la mbao, iwekee mafuta kwenye silinda, ikae stoo. Anayenunua gari kesho atalipia ile namba kuliko nguvu yoyote utakayoongeza.

Zisipolingana, uwanja ni wako.

Sasa tusidanganyane na vitabu vya zamani. Injini ya 350 (inchi za ujazo, kama lita 5.7) ya 1970 yenye karabureta ya midomo minne iliandikwa nguvu farasi 300. Mwaka 1972 injini ya namna hiyohiyo ikaandikwa 175. Ni kweli uwiano wa mgandamizo ulishushwa hapo katikati, lakini sehemu kubwa ya tofauti ni upimaji: mwanzo walipima injini uchi, bila egzosi yake wala mizigo ya fenibelti, halafu wakaanza kupima ikiwa imevaa kila kitu. Kwa hiyo ukisikia injini ya pikapu ya Silverado ina 295, hiyo ni 295 ya kipimo cha pili. Usiidharau.

Na hiyo ndiyo ninayoipendekeza: injini ya lita 5.3 ya bloku la chuma, kwa jina la kiwandani LM7, iliyofungwa kwenye Silverado, Sierra, Tahoe na Suburban kati ya 1999 na 2007. Zimejaa kwenye yadi za magari mabovu. Uzito wake haupishani sana na 350 ya zamani, kwa hiyo springi za mbele hazilalamiki. LS3, injini mpya ya lita 6.2 ya Chevrolet, inakupa nguvu farasi 430, ni tamu, lakini bei yake inakula pesa ya breki, difu na tangi, na Chevelle yenye nguvu 430 na breki za dramu kila gurudumu sitakushauri hata kidogo.

Yadini kuna mtego. Ipo injini ya lita 4.8 inayofanana na 5.3 kwa nje kama kurwa na doto. Bloku lenyewe limeandikwa 4.8/5.3, muuzaji anaweza kukuonyesha maandishi hayo kwa moyo mweupe kabisa. Tofauti iko ndani, kwenye krenki na pistoni. Kama gari lipo, angalia herufi ya nane ya chesesi: T ni LM7, V ni 4.8. Kama gari halipo, toa plagi, ingiza kamera ndogo. Pistoni ya LM7 ina kisahani juu, ya 4.8 ni bapa.

Pia fungua kava za silinda hedi. Hedi zenye namba 706 na alama ya Castech (kiwanda kilichozimwaga) zina sifa mbaya ya kupasuka na kuvujisha maji ndani ya oili. Ukiona uji wa rangi ya maziwa, ondoka. Na ukienda kwenye zile za 2007 zenye bodi mpya, nyingi zina mfumo wa kuzima silinda namba 1, 4, 6 na 7 ili kubana mafuta. Tapeti za silinda hizo hufa na kula kamshafti. Inatibika, ila unabadilisha kamshafti, tapeti na kava la katikati ya bloku, kisha unazima mfumo kwenye kontroboksi.

Mnaonunua nozikati (kipande kizima cha mbele cha gari) pale Gerezani, Dar, au Grogan, Nairobi, mnajua faida yake: injini inakuja na kila kitu chake. Huku fanya vilevile. Chukua injini, giaboksi, wayaringi nzima, kontroboksi, na kama ni ya aksileta ya umeme, chukua pedali na kiboksi chake kutoka gari hilohilo. Ukichanganya vya miaka tofauti, aksileta inaweza kukataa kabisa. Kontroboksi lazima pia ifutwe ulinzi wa wizi kwa programu, la sivyo injini itawaka sekunde chache na kuzima, nawe utahangaika na pampu isiyo na kosa.

Sampu ya pikapu ni ndefu mno, itaning'inia chini ya fremu ikisubiri tuta. Kampuni ya vipuri ya Holley na GM wenyewe, wenye Chevrolet, wana sampu fupi za kazi hii. Ukibadilisha sampu unabadilisha na bomba la kunyonya oili, na hapo weka oringi mpya. Oringi iliyokauka inanyonya hewa, presha inashuka, beringi zinakwenda.

Mafuta: pampu ya zamani ya kusukumwa na kamshafti inatoa psi 5 hadi 7. Hizi nozeli zinataka 58, tena bila kuyumba. Weka pampu ya umeme ndani ya tangi lenye vizuizi, maana ikiwa nje hupiga kelele na kupata joto, na tangi tupu lisilo na vizuizi huinyima mafuta kwenye kona. Chujio la Corvette ya 1999 hadi 2003 lina regyuleta ya 58 humohumo. Ni njia rahisi na safi.

Kwenye maji, kuna vibomba vyembamba vya mvuke mbele ya hedi. Watu huviziba kwa sababu havina pa kwenda kwenye redieta ya zamani. Hewa inanasa juu ya hedi, injini inachemka huku geji imetulia. Vipeleke juu ya redieta.

Giaboksi. Ukitaka kubaki na TH350 yako, ile giaboksi otomatiki ya zamani ya gia tatu, krenki ya 5.3 ni fupi kwa takriban milimita 10 mahali inapokutana na konvata, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi otomatiki. Bila spesa, konvata haikai sawa kwenye krenki, na kitovu chake hakiingii vya kutosha kwenye pampu ya giaboksi; pampu inakufa. Mimi ningechukua 4L60E, otomatiki ya gia nne. Kwa difu ya 3.73 na matairi ya inchi 26.5, kilomita 110 kwa saa TH350 inazungusha injini kama 3,200. Gia ya nne ya 4L60E inaishusha hadi 2,250 hivi. Ila ni ndefu zaidi: krosimemba inasogezwa nyuma na propela inakatwa na kubalansiwa upya. Pima propela injini ikiwa imeshakaa kwenye maunti zake, sio kabla.

Siku ya kuwasha, toa fyuzi ya pampu ya mafuta na plagi zote nane, piga stata kwa vipindi vifupi huku ukitazama geji ya oili. Presha ikipanda, rudisha plagi na fyuzi, washa. Isipopanda, usijaribu kuwasha. Shusha sampu, angalia ile oringi.