Ghala la Uvunguni

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za jioni. Wengi wetu tuliopo hapa tunaishi chumba kimoja: kitanda, kabati, ndoo za maji, na watoto juu yake. Friji hakuna, au ipo lakini luku imeisha. Ghala tulilonalo ni uvungu wa kitanda, na mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basi leo tuiname.

Hawa ni dagaa wa Mwanza. Samaki mbichi karibu robo tatu yake ni maji. Jua limeyatoa maji hayo, na kiganja hiki kimoja kimebaki na protini, pamoja na madini ya mifupa, kwa kuwa dagaa twamla mzima. Gramu 100 zina zaidi ya gramu 50 za protini. Nunueni waliokaushwa kichanjani, si mchangani, mkawafungie kwenye kopo kavu, maana mafuta yao yakipigwa na hewa na joto huchacha.

Sasa maharage. Dumu la lita 20 lililokwisha mafuta, likioshwa likakauka kabisa, hubeba kama kilo 15. Jaza, tikisa, ongeza tena mpaka mdomoni, kisha weka nailoni chini ya kifuniko na ukaze. Fukusi waliomo watatumia hewa ndogo iliyobaki na kufa. Dumu nusu halifai, hewa ni nyingi. Mwezi mzima usilifungue.

Lakini kwanza yawe makavu, na hapa ndipo nilipoumia. Niliwahi kufunga maharage niliyoyaona makavu kwa macho tu. Nilipofungua, harufu ya ukungu ilinipiga usoni, nikamwaga dumu zima jalalani, chakula cha wanangu. Msidhani ukungu ni hasara ya pesa peke yake. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, na kukoboa huipunguza tu, hakuimalizi.

Kipimo ni hiki. Chupa ya kioo, kavu. Maharage robo chupa. Chumvi kavu kijiko kimoja. Tikisa vizuri, uiache dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, rudisha maharage juani. Ikidondoka chini, funga dumu.

Nimekuja na chupa mbili, moja ina maharage yasiyokauka vizuri. Mama uliyekaa mlangoni, pokea, utikise, kisha umpe jirani yako. Mtaniambia ipi ni ipi.