Baiskeli ya 1991 ya Mjomba: Nimeipata Sheffield kwa Pauni 55, Inakuja Tabora

Oya wanangu wa Tabora, mwangaluka! Ipuli mpo? Kiloleni, Isevya, Cheyo, Ng'ambo, wote mpo? Leo siko barabarani kuwaonyesha maduka, leo nipo hapa nyuma ya nyumba, Sheffield, baridi ya kishenzi, mikono imejaa grisi kwa hiyo msinicheke nikijifuta usoni, na huyu mnayemwona amelala hapa nyuma yangu miguu juu ndo stori yenyewe.

Sasa ilivyoanza, mjomba wangu kanipigia, wengi mnamjua mjomba, yule mzee wa mizinga, anayetoka mjini anaenda huko upande wa Sikonge porini kurina asali. Sisi tunaitana mjomba wote wawili. Akaniambia, "Mjomba, hii Phoenix imechoka na mimi nimechoka, huko wazungu wanatupa baiskeli za giya, hebu nitafutie moja." Nikamwambia haina shida mjomba, nikakata simu, afu nikaanza kujiona mjanja, nikaingia dukani kuangalia mpya.

Aisee. Mpya yenye maana hapa inaanzia pauni 600 kwenda juu, na unapoikagua vizuri unakuta breki za mafuta, ekseli nene ambayo haifanani na chochote, giya za nyuma 12 na cheni nyembamba kama mkufu wa harusi. Nikajiuliza swali moja tu, ile breki ikivuja mafuta mjomba yupo porini na ndoo ya asali nyuma, fundi gani wa kumsaidia? Yaani ni kumpelekea mzee pambo la sebuleni. Nikatoka dukani, na kuanzia siku hiyo kila kitu nilichokishika nimekipima kwa swali hilohilo: mjomba ataipata wapi Tabora?

Ndo nikaangukia hii. Nimeipata kwa mzee mmoja mtaa wa juu huko, ilikuwa gereji, imefunikwa na turubai, anataka pauni 70, tukavutana tukamalizana 55, hiyo kwa hela yetu ni kama laki na themanini hivi. Najua kuna watu tayari wanaandika "yani umeenda Ulaya kununua mtumba", andikeni tu, nitawajibu nikimaliza kukaza hizi nati.

Ni ya kampuni inaitwa Marin, fremu ya chuma. Jina hilo ni la sehemu kule California, Marin, na stori yake tamu ngoja niwape kidogo. Miaka ya sabini kulikuwa na vijana kule wanachukua mabaiskeli mazito ya zamani, wanapanda nayo mlima Tamalpais, afu wanashuka kwa kasi kwenye vumbi. Breki ilikuwa ile ya kurudisha pedeli nyuma, wakifika chini habu imechemka, grisi yote imeungua imetoka moshi, inabidi waifungue wajaze grisi upya, ndo maana mashindano yao waliyoyaanza 1976 wakayaita Repack, yaani kujaza upya. Sasa niambieni, hao wana tofauti gani na mafundi wetu? Baiskeli za mlima zote mnazoziona leo zimetokea kwenye huo uchizi.

Umri wake nimeujuaje? Siyo kwa kumwamini muuzaji. Sogea hapa... ngoja nisogeze kamera... hapa ndani ya mkono wa krenki, huu unaoshika pedeli, vifaa vya Shimano vya zamani vina herufi mbili zimegongwa. Ya kwanza ni mwaka, A ni 1976, unahesabu kwenda mbele, ya pili ni mwezi. Hii imeandikwa PH. P ni 1991, H mwezi wa 8. Mimi mwenyewe ni wa 1991, kwa hiyo hii ni pacha wangu, ila yenyewe magoti mazima.

Kabla sijatoa hela nimekagua vitu vitatu na nyie mkinunua mtumba popote kagueni. Namba ya fremu ipo chini kabisa pale krenki inapokaa, nimeiingiza kwenye BikeRegister, hiyo ni daftari la mtandaoni ambalo na polisi wa hapa wanalitumia, kuangalia kama haijaibwa, maana ukikamatwa na baiskeli ya wizi ugenini hata ubalozi utakuonea aibu. Pili nimepapasa chini ya bomba la mbele, karibu na shingo, rangi ikiwa imekunjamana hapo ujue ilishagonga ukuta. Tatu nimeipindua nikasikiliza kama kuna maji au mchanga wa kutu ndani. Ilikuwa safi. Nilichosahau kukagua ni bomba la siti.

Jamani bomba la siti! Fremu ni chuma, bomba ni alumini, ukiviacha pamoja na unyevu miaka 30 vinaoleana, vinashikana utadhani wamechomelea. Na huu mji wenyewe ndo wa chuma, chuma kisichoshika kutu kimetokea hapahapa Sheffield 1913, na mimi nimo humuhumu nahangaika na kutu! Nimemwaga mafuta ya kulainisha wiki nzima, asubuhi nikiamka namwaga, jioni nikitoka kazini namwaga, haichezi. Nikampigia video yule fundi wetu wa chini ya mwembe, mnamjua, akaangalia akasema, "Wewe unavuta siti, usivute siti. Kamata siti, zungusha baiskeli." Nikawa sijaelewa. Kumbe anamaanisha bana kichwa cha bomba kwenye jiliwa, afu fremu nzima ndo uigeuze iwe mkono wa kukazia. Jirani hapa ana jiliwa kubwa gerejini, tumebana, tumezungusha watu wawili, ikalia KWAAA kama mbuzi, mke wa jirani akatoka nje kuangalia nani ameumia. Ikatoka. Safari hii nimepaka grisi ya kutosha, na mjomba nitamwambia kila masika aivute aipake tena.

Na huyuhuyu fundi ndo kanisaidia kwenye krenki. Beringi zimekwisha, krenki inacheza, nataka kufungua kikombe cha upande wa kulia, kile kinachoshikilia beringi kwenye fremu, nakaza mpaka mishipa ya shingo inatoka. Akacheka. Kikombe cha kulia kinafunguka kinyume! Ukizungusha kama nati ya kawaida ndo unazidi kukaza. Yeye anajua kwa sababu zile Raleigh za kina babu zilikuwa hivyohivyo, ni mtindo wa Mwingereza, Raleigh yenyewe ilikuwa inatengenezwa Nottingham, hapo chini tu kutoka kwangu. Kwa hiyo mtu amekaa chini ya mwembe Tabora anamfundisha mtu aliyeko Sheffield kufungua baiskeli, bure, tena kwa bando lake. Nimeweka beringi mpya zile za kopo lililofungwa, haziingii vumbi, na ekseli yake ni ya pembe nne, ya kawaida kabisa, haina hata kotapini ya kugongagonga.

Haya, matairi. Hapa nisikilizeni vizuri maana watu wanaliwa hela. Ukiambiwa tairi ya 26, uliza 26 ipi. Angalia ubavuni kuna namba ndogo. Hii ya mlima ni 559, hiyo ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Kuna nyingine inaitwa 26 vilevile, ile nyembamba ya 26 kwa 1 na tatu ya nane, hiyo ni 590, haiingii hata uiombee dua. Phoenix ya mjomba ni 28, ile ni 635. Hii 559 ndo ileile ya baiskeli za kichina za giya zilizojaa kwetu, kwa hiyo tyubu na tairi mjomba anazipata sokoni, na hiyo ndo sababu kubwa nimekwepa za kisasa, maana hapa sasa hivi watengenezaji wamehamia 29 na 27 na nusu. Nimevalisha za upana wa inchi 2.1, zenye meno. Ule mchanga wa kutoka mjini kwenda porini mnaujua, tairi nyembamba inazama, unashuka unasukuma. Hii ukiipunguza upepo kidogo inaelea.

Breki nilifanya ujinga. Ilikuja na zile za zamani zenye waya wa katikati, nikasema niweke hizi ndefu za V, zinakaa kwenye vishikizo vilevile vya fremu. Nikafunga, nikabakiza mikono ya breki ya zamani ili nisitumie hela. Ubahili! Mikono ya zamani inavuta waya mfupi, V inataka waya mrefu kama mara mbili. Nikashuka nayo huu mlima wa mtaani, nabana breki, mkono umegota kwenye usukani na baiskeli haijasimama, nikaenda kuegeshwa na ua wa mtu. Suruali imechanika, hiyo sitawaonyesha. Nimenunua mikono inayoendana, pauni 12, sasa ukigusa inasimama.

Cheni nayo, nilibadilisha cheni peke yake, ikawa inaruka kila nikikanyaga kwa nguvu. Meno ya nyuma yalishalika kufuata cheni kuukuu. Ikabidi ninunue na seti ya meno 7 mapya.

Giya zenyewe sijazigusa, na ndo kitu nakipenda kuliko vyote. Hizi za juu ya usukani, unasukuma kwa dole gumba, na ina kiswichi hapa, ukikigeuza haihesabu tena tik tik, unatafuta giya mwenyewe kwa sikio. Waya ukilegea, meno yakipinda, mtu anaendelea na safari. Wakati kuna washikaji hapa wananiambia weka shoksi mbele, weka breki za diski. Shoksi ndefu inainua mbele, fremu hii haikukatwa kwa hiyo, usukani unakuwa mlevi. Diski hakuna hata pa kufungia. Na zile raba zake za kuzuia mafuta yasivuje mjomba akanunue wapi, Kanyenye?

Kitu pekee sijanunua ni keria. Nilitaka, nikasoma, nyingi za hapa zimeandikwa mwisho kilo 25. Sasa ndoo ya lita 20 ikijaa asali, asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo 1.4, kwa hiyo ndoo moja ni kilo 28. Ndoo moja tu ishaipita, na mjomba habebi ndoo moja. Keria nitamwachia mchomeleaji wa nyumbani, ya nondo, vipimo nimeshamtumia. Rimu ya nyuma ina spoku 36, nimezihesabu mara mbili, Raleigh za zamani nyuma zilikuwa na 40, kwa hiyo ndoo mbili sawa, tatu mjomba nakuomba, usinifanyie hivyo.

Jumla pamoja na kila kitu imefika pauni 150 na kidogo. Pedeli natoa, usukani nageuza, naifungia kwenye boksi, mizigo mwisho kilo 23, nimepima na boksi lake imekuja 19, nimejazia tyubu, raba za breki na waya.

Jana usiku nikampigia mjomba nimwonyeshe, nimeiegesha hapa ukutani, nimeipiga na taa, inang'aa. Akaangalia kimyaaa. Kaomba nimwonyeshe mbele, nimwonyeshe nyuma, nizungushe pedeli. Nikajua hapa mzee analia. Akasema, "Nzuri mjomba. Sasa stendi iko wapi?"

Haina stendi! Baiskeli nyingi za mlima haziji na stendi, na mimi miezi 2 yote sijawaza. Mtu ana kilo 56 za asali porini, anataka kuteremka achimbe dawa, aegeshe wapi, ailaze chini? Kwa hiyo hapa mnavyoniona navaa koti, naenda kutafuta stendi ya miguu miwili, duka linafungwa saa 11 jioni na sasa hivi ni saa 10 na nusu. Nakimbia.