Amesaini, Amebweteka? Mikataba minono na miguu ya wachezaji

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, shikamooni. Na nyie makocha vijana mliosimama mlangoni, karibuni mbele, viti vipo na mimi siumi.

Nimepewa saa moja, na mwenye ukumbi ameninong'oneza kwamba jioni kuna sendofu, kwa hiyo sitazunguka sana.

Swali la leo, kama mkataba mnono unamlegeza mchezaji, nililikuta kijiweni kabla sijalikuta kwenye makaratasi. Pale Magomeni ninapokunywa kahawa asubuhi kuna neno moja likishatamkwa kesi imekwisha: "Amebweteka." Mshambuliaji anakosa bao la wazi Jumamosi, Jumapili hukumu inasomwa juu ya kashata. Tangu asaini mkataba mpya huyu, amebweteka. Hakuna anayeuliza kama goti linamuuma, au kama kocha amemhamishia pembeni, au kama nyumbani ana mgonjwa. Dau la usajili linajulikana, au tunajifanya tunalijua, na dau ndilo shahidi pekee anayeitwa.

Sikuja kusema kijiwe kinaongopa. Kijiwe kimeona kitu. Ninachobishia ni sababu wanayoitoa.

Tujiulize kwanza, mchezaji anapewa pesa nyingi lini? Anapewa akiwa juu. Hakuna kiongozi wa Msimbazi kwa Simba wala wa Jangwani kwa Yanga atakayemfuata mtu aliyefunga mabao 3 msimu mzima na kumwagia mamilioni mezani. Anamfuata aliyefunga 17. Sasa nendeni soko la samaki la Feri alfajiri. Nahodha wa mashua amerudi na ndoo 40 za samaki, usiku wa aina yake. Anatokea tajiri anamwambia, kuanzia leo nakulipa kila siku kwa kipimo cha ndoo 40. Usiku unaofuata nahodha anarudi na ndoo 25. Amebweteka? Nyavu ni zilezile, mabaharia walewale, macho mekundu kwa kukesha kama jana. Zile ndoo 40 zilikuwa na juhudi ndani yake na zilikuwa na bahati. Juhudi imebaki, bahati imehamia mashua ya jirani.

Mabao 17 nayo yana bahati ndani yake. Kuna penalti mle, kuna beki aliyeteleza kwenye matope, kuna pasi za kiungo ambaye dirisha la usajili lililofuata aliuzwa. Klabu inalipia yote kana kwamba yalitoka kwenye mguu mmoja. Msimu unaofuata yanakuja 11, na sisi tunaona uvivu.

Wachumi wamegombana juu ya jambo hili muda mrefu. Wa mwanzo walitumia besiboli ya Marekani, kwa sababu kule kila kitu kinahesabiwa. Mwaka 1982 Kenneth Lehn alionyesha kwamba wachezaji wakishapata mikataba ya miaka mingi, siku zao za kuorodheshwa majeruhi zinaongezeka. Kijiwe kingemnunulia kahawa. Lakini mwaka 1990 Anthony Krautmann akarudia hesabu kwa namna nyingine, na jibu lake ndilo lile la Feri: sehemu kubwa ya huko kushuka ni mtu kurudi kwenye kiwango chake cha kawaida baada ya msimu usio wa kawaida. Ubishi haujaisha mpaka leo. Mimi niko upande wa Krautmann, ingawa si kwa asilimia mia, na nitawaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo, mifano miwili ya mpira wenyewe.

Uingereza walikuwa na sheria ya kima cha juu cha mshahara wa mchezaji: pauni 20 kwa wiki, hata uwe nani. Ikafutwa Januari 1961. Fulham, ambayo mwenyekiti wake Tommy Trinder alikuwa mchekeshaji wa jukwaani (mnaona, viongozi wa mpira kuchekesha hakukuanzia kwetu), ikampandisha Johnny Haynes, nahodha wa England, mpaka pauni 100. Mara tano kwa mpigo. Mwaka uliofuata, baada ya Kombe la Dunia la Chile, Haynes hakuvaa tena jezi ya taifa. Ukisimulia hadithi ukaishia hapo, pesa zimemmaliza. Ukisimulia yote, Agosti 1962 alipata ajali ya gari pale Blackpool, mguu ukaumia vibaya, na hakurudi tena kuwa yule. Fulham aliichezea mpaka 1970.

Wa pili mnamfahamu wote, na mashabiki wa Arsenal humu ndani naomba mnivumilie. Pierre-Emerick Aubameyang alifunga mabao 22 ya ligi msimu wa 2019/20. Septemba 2020 akasaini miaka mitatu mipya. Msimu uliofuata akafunga 10. Nakumbuka kelele zilizopigwa mji mzima. Lakini msimu huohuo mama yake aliugua, na yeye mwenyewe alipokwenda kuichezea Gabon mwezi Machi alirudi na malaria, akalazwa. Sasa jamani, sisi watu wa Dar! Nani humu hajaugua malaria? Wiki ya kwanza baada ya dozi unapanda ngazi za ghorofa ya pili unashika ukuta. Halafu tunamshangaa mtu kwamba hakimbii. Haki iende kote: Desemba 2021 alivuliwa unahodha kwa nidhamu, na hilo silitetei. Ninachosema ni kwamba mkataba, mama, malaria na nidhamu vyote vilikaa ndani ya miezi kumi na tano, na kijiwe kilichagua kimoja tu.

Sasa kwa nini siko na Krautmann moja kwa moja? Kwa sababu kiasi cha pesa ni jambo moja na urefu wa mkataba ni jambo jingine, nasi tunayachanganya. Ujerumani, mchumi Bernd Frick amefuatilia wachezaji wa Bundesliga, na picha anayoitoa ni kwamba kiwango hupanda mkataba unapokaribia mwisho. Hapo pesa si hoja. Hoja ni kwamba mwakani jina lako linaweza kukosekana kwenye orodha. Mtazameni Mohamed Salah. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 18 ya ligi. Msimu wa 2024/25, mkataba ukielekea ukingoni, akafunga 29 na kutoa pasi za mabao 18, Liverpool ikawa bingwa, na Aprili 2025 akasaini miaka miwili. Simtuhumu kwamba kabla ya hapo alikuwa anajibania. Kocha alibadilika pia, na timu ilicheza tofauti. Ila ningekuwa na mtoto anayecheza mpira, msimu huo ningemwonyesha.

Na yupo yule anayetajwa kila mjadala huu unapoanza, beki Mholanzi Winston Bogarde. Chelsea walimsajili mwaka 2000 kwa miaka minne, mshahara ukitajwa kuwa pauni 40,000 kwa wiki. Ligi alicheza mechi 9. Miaka minne, mechi 9! Watu wanamwita mvivu. Mimi namwona ni mtu aliyesoma mkataba wake vizuri kuliko waliomsainisha. Wiki chache baada ya kufika, kocha Vialli akafukuzwa. Kocha mpya hakumhitaji, klabu ikataka aondoke. Aende wapi, nani mwingine angemlipa vile? Akawa anakwenda mazoezini, anafanya alichoambiwa, anarudi nyumbani. Hamu ya kucheza huenda ilikufa, lakini aliyeiua ni benchi. Pesa zilimfanya tu asiweze kuondoka. Hii ndiyo hatari ya mkataba mnono ninayoikubali: unaweza kumfunga mtu mahali ambapo hatakiwi.

Turudi nyumbani, maana huku mambo yanageuka.

Huko Ulaya swali ni kama pesa nyingi zinalegeza. Mimi nimecheza hapahapa mjini. Msihangaike kutafuta picha yangu, haipo. Nilikuwa beki wa kulia wa timu moja ya madaraja ya chini, jina naliweka akiba. Mwezi wa kwanza mshahara ulichelewa siku kumi. Wa pili haukuja. Wa tatu tukaambiwa mfadhili yuko safarini. Tulikuwa na kiungo tuliyemwita Injini, mtu ambaye mpira wa kugombea anaingia nao mpaka kwa meno. Asubuhi moja mazoezini mpira ukadundia katikati, yeye huku, beki wa akiba kule. Nikamwona Injini ananyanyua mguu, anaushikilia hewani kidogo, anaurudisha chini. Akampisha. Kocha alikuwa hatua kumi kutoka pale na hakusema kitu. Sote tulijua hesabu aliyoipiga: nikivunjika leo, hospitali nalipiwa na nani?

Huo ndio ulegevu ninaoujua mimi. Nimeuona kwa watu wanaodai. FIFA wenyewe wanalijua hili. Tangu 2018 kanuni zao zinasema mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili, akishatoa notisi ya siku 15 na bado hajalipwa, ana haki ya kuvunja mkataba. Makocha, wafundisheni vijana kanuni hiyo kabla ya kuwafundisha kupiga kona.

Waliopata maslahi mazuri je? Kiungo Feisal Salum aliingia kwenye mgogoro na klabu yake ya Yanga Desemba 2022, nchi nzima ikasimama, mpaka Juni 2023 Rais Samia akiwa Ikulu aliwaomba Yanga wayamalize. Akaenda Azam. Msimu wa kwanza kule alifunga mabao 19 ya ligi, akazidiwa na Aziz Ki wa Yanga peke yake, aliyefunga 21. Fiston Mayele aliondoka Yanga mwaka huohuo kwenda Pyramids ya Misri, na hakuna anayedhani alifuata mshahara mdogo. Tarehe 1 Juni 2025 alifunga bao kwenye fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Pyramids wakachukua kombe. Watu wawili hawathibitishi kitu, nakubali. Lakini wale mnaonitajia kila siku kule kijiweni nao ni wawili watatu tu.

Halafu kuna jambo ambalo makaratasi ya Wajerumani hayana. Mchezaji wa kwetu akisaini, hasaini peke yake. Mwenzangu mmoja alipata dau lake la kwanza, si kubwa, siku ya tatu akaniomba nimshikie simu wakati anaoga. Katika dakika zile iliita mara sita. Mjomba, ada ya mtoto. Shangazi, paa. Mtu aliyesoma naye darasa la nne, mtaji wa bodaboda. Alipotoka bafuni akatazama kioo cha simu, akaigeuza kifudifudi, akaendelea kujifuta. Mtu huyo atabweteka saa ngapi? Watu kumi na mbili wanakula kwenye miguu yake. Mara nyingi tunachokiita kubweteka ni usingizi uliopungua. Mkitaka kumsaidia kijana aliyesaini, mtafutieni mtu wa kumpangia matumizi, kisha mwacheni alale.

Nadhani saa imenitupa mkono. Naona mkono pale. Ndiyo, dada kocha.

*(Swali kutoka kwa kocha wa watoto, Temeke: je, ni vizuri kuwaahidi watoto wa miaka 12 shilingi 1,000 kwa kila bao, kama wakubwa walivyoahidiwa na Rais Samia milioni 5 za "Goli la Mama"?)*

Dada yangu, umenishika pabaya, maana nimewahi kulifanya. "Goli la Mama" lilianza 2023 kwa watu wazima kwenye mashindano ya Afrika, na msimu uleule Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kama ni hela au ni kikosi, hakuna awezaye kuvitenganisha. Kwa watoto ni habari nyingine. Mwanasaikolojia Edward Deci aliwalipa wanafunzi dola moja kwa kila fumbo walilopanga, na mwaka 1971 akaandika alichokiona: malipo yalipokoma, muda wa mapumziko hawakuligusa fumbo kama wale ambao hawakuwahi kulipwa. Wasiolipwa waliendelea kuchezea tu.

Mimi niliahidi elfu moja kwa bao. Wiki ya pili winga wangu, mtoto mwenye pasi tamu kweli, yuko karibu na kibendera cha kona, mwenzake yuko peke yake mbele ya goli ananyoosha mikono yote miwili. Akapiga mwenyewe. Mpira ukaingia kwenye banda la mama ntilie. *(kicheko)* Wiki ya tatu nikawakalisha chini, nikawaambia utaratibu huu umekwisha. Yule winga akanyoosha mkono: "Kocha, na zile tatu nilizofunga wiki iliyopita?"

Nikamlipa. Elfu tatu, mbele ya wenzake wote.