Kifua kilichobonyea au kutokeza, tuwaongelee hawa vijana wetu

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana habari za saa hizi, asanteni kwa kuja na baridi hii. Huku kwetu Mbeya, Tukuyu mpaka Makete mtoto anashinda na sweta, kwahiyo toka uache kumwogesha kifua chake hukioni tena, na yeye anajua ila anaona aibu, wenzake wakicheza mpira vifua wazi anasema anaumwa.

Kuna kifua kilichobonyea katikati, hiki ndo kinatokea zaidi, karibu mtoto 1 kwenye 300 mpaka 400, wavulana wengi kuliko wasichana. Kingine kimetokeza mbele. Jamani siyo laana wala siyo kosa la mama alipokuwa mjamzito! Inaonekana zile gegedu, yaani mifupa laini inayoshika mbavu na mfupa wa kidari zinakua vibaya, mfupa unasukumwa ndani au nje, na balehe ikifika inaongezeka haraka.

Ila msichanganye na hili: mtoto mdogo anapumua haraka na chini ya mbavu panaingia ndani kila akivuta pumzi, hiyo inaweza kuwa nimonia kali, mkimbize hospitali usiku huohuo.

Wengi hawahitaji kupasuliwa, wanafanya mazoezi na kufuatiliwa tu. Kikibonyea sana kinabana moyo na mapafu, kijana akikimbia kidogo hoi, huyo atapigwa CT scan, yaani picha za ndani ya kifua, na eko, kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Zamani walikuwa wanafungua kifua na kukata gegedu, afu mwaka 1987 daktari Donald Nuss kule Virginia, Marekani, akaanza kupitisha chuma kilichopindwa kupitia matundu madogo ubavuni, kinauinua mfupa na kinakaa miaka 2 mpaka 3 ndo kinatolewa. Maumivu yapo, siwadanganyi.

Kilichotokeza mara nyingi kinasaidiwa na mkanda maalumu wa kubana, unavaliwa masaa mengi kwa siku kwa miezi mingi, na unafanya kazi vizuri kifua kikiwa bado laini, ndo maana nawaomba msisubiri mpaka amalize fomu foo. Na upimwe na wataalamu, kumfunga khanga au kumchanja chale hakurudishi mfupa.

Anzeni zahanati, ombeni rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kama kijana ni mrefu sana, mwembamba, vidole virefu, mwambieni daktari aangalie na moyo na macho, maana kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa Marfan unaokuja na kifua cha hivi na unaweza kuharibu mshipa mkubwa wa moyo.