Kuupima Moyo Kabla ya Upasuaji

Ndugu wauguzi, maafisa wa tiba na wanafunzi, asanteni kwa kufika. Nitazungumzia moyo wa mgonjwa anayesubiri kupasuliwa sehemu nyingine ya mwili: mwenye henia, mwenye uvimbe wa kizazi, mama ambaye mtoto wake lazima atolewe kwa upasuaji.

Kipimo cha hatari kinachofundishwa sana ni kile alichokitoa Lee na wenzake mwaka 1999, baada ya kuwafuatilia wagonjwa wa miaka 50 na zaidi katika hospitali moja ya Boston. Kinahesabu mambo sita: ukubwa wa upasuaji wenyewe, maradhi ya mishipa inayolisha moyo, moyo kushindwa kusukuma damu, kiharusi cha zamani, kisukari kinachotibiwa kwa insulini, na figo dhaifu, yaani kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, inayozidi miligramu 2 kwa desilita. Ni kipimo kizuri na nawaomba mkitumie, lakini kitazameni vizuri, kwa maana ugonjwa wa vali, yaani milango ya moyo inayopitisha damu, haumo. Msichana wa miaka 22 ambaye vali yake ya mitrali imesinyaa kwa sababu ya homa ya rumatizimu ya utotoni anaweza kupata sifuri, ilhali ndiye anayeweza kutufia mezani. Hapa Uganda ugonjwa huo bado upo, tena kwa vijana, na tukiishia kwenye hesabu tutawapita wale tunaopaswa kuwahofia zaidi.

Kwa hiyo maswali hutangulia. Vitabu vinatuagiza tumuulize mgonjwa kama anaweza kupanda ngazi za ghorofa moja bila kusimama. Mama wa Kabale, ambaye nyumbani kwake hakuna ngazi, muulizeni kama bado anapandisha kilimani jerikani la maji la lita 20, na kama siku hizi anapumzika njiani mara nyingi kuliko mwaka jana. Muulizeni analalia mito mingapi, na kama hushtuka usiku akitafuta pumzi. Akijibu kwamba ni uchovu tu, msikubali upesi.

Kisha msikilizeni. Sauti ya vali ya mitrali iliyosinyaa ni ngurumo ya chini sana, na humpita kwa urahisi anayesikiliza kwa haraka wodi ikiwa na kelele. Mlazeni mgonjwa ubavu wa kushoto, wekeni upande wa kengele wa stethoskopu kwenye ncha ya moyo bila kukandamiza, na mwombeni atoe pumzi taratibu. Mkisikia jambo, au mkiwa na shaka ya kweli, hapo ndipo eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, inapostahili, hata ikibidi asafiri mpaka Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Kumtuma kila mtu si uangalifu, kwa sababu nauli kutoka Arua ni mzigo kwa familia, na kipimo kisichobadilisha uamuzi wowote hakimsaidii mgonjwa.

Kuhusu dawa za kupunguza mapigo ya moyo, anayezitumia tayari aendelee nazo. Msimwanzishie mgonjwa siku ya upasuaji: utafiti wa POISE wa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 8,000, ulionyesha kwamba mishtuko ya moyo ilipungua, lakini viharusi na vifo viliongezeka.

Dharura haisubiri eko. Mama mwenye vali iliyosinyaa akihitaji upasuaji usiku, tunachopata kwa kumchunguza mapema ni maandalizi: mtoa nusukaputi ajue kwamba mapigo yakienda mbio moyo haupati muda wa kujaa na maji hurudi mapafuni, na kwamba ganzi ya uti wa mgongo inaweza kushusha presha ghafla. Hatari yenyewe haimaliziki mtoto anapolia. Kizazi kikinywea, damu nyingi hurudi moyoni kwa mkupuo, na ndiyo maana akina mama hao hulemewa baada ya kujifungua, wakati sisi tumekwisha kupumua. Andikeni ugonjwa wa vali kwenye jalada la faili, kwa herufi kubwa, ili muuguzi wa zamu ya usiku asimfungulie dripu kwa mazoea, na ahesabu pumzi zake mpaka asubuhi.