Jiwe la fundi cherehani: nimefika hekalu la Wabahai, Wilmette

Mambo vipi watu wangu wa Dar, Buguruni, Tandika, Kinondoni, nyie wote mnaonifuatilia, na wakubwa shikamooni. Samahani kwa huu upepo, hapo nyuma yangu ni Ziwa Michigan, niko Wilmette nje kidogo ya Chicago, nimepanda treni ya Purple Line mpaka mwisho wa reli kituo cha Linden, afu nikatembea kwa mguu dakika chache tu. Sasa hebu oneni hili jengo jamani.

Hii ni nyumba ya ibada ya Wabahai, yaani waumini wa dini ya Kibahai. Ina pande 9 na milango 9, na hilo kuba lilivyotobolewa tobolewa ukilitazama kwa mbali utasema kitambaa cha lesi cha bibi harusi, kumbe ni zege, saruji nyeupe na mawe yanayong'aa yaliyosagwa. Ngoja nizumu hapo kwenye nguzo, mnaona? Msalaba upo, mwezi na nyota upo, nyota ya Daudi ipo.

Ndani sijarekodi, nilizima simu nikakaa. Hakuna mahubiri, hakuna sanamu, hakuna kinanda wala gitaa, kwaya ikiimba ni sauti za watu tu, na yanasomwa maandiko ya dini mbalimbali. Mlangoni hakuna aliyeniuliza wewe dini gani. Mnaonijua mnajua kwetu baba Mwislamu mama Mlutheri, pilau la Idi tunakula wote na Krismasi wote, ila ikifika kuomba kila mtu na upande wake, na msiba wa babu ndo uliniuma kabisa maana nusu ya familia tulikuwa tumesimama pembeni hatujui tufanye nini na mikono yetu. Kwa hiyo pale ndani nililia kidogo, siwafichi.

Lakini kilichonifanya niwashe kamera ni jiwe. Wabahai wa hapa walikuwa wanachangishana wajenge, sasa kulikuwa na mama mmoja mjane, Nettie Tobin, fundi cherehani, hana hela ya kuchanga. Akaenda kwenye saiti ya ujenzi akaomba jiwe, akapewa moja ambalo mafundi walishalikataa, akahangaika nalo mzigo mzito vile, kwa tramu, kwa kigari cha kusukuma, mpaka likafika kwenye kiwanja. Mwaka 1912 Abdu'l-Bahá, mtoto wa Bahá'u'lláh aliyeanzisha dini hii, akaja kuweka jiwe la msingi, na jiwe lililowekwa ni hilo hilo la yule mama! Jengo lenyewe likaja kuzinduliwa 1953, yaani miaka 41, katikati hapo uchumi umeanguka, vita kuu imepita, na mchora ramani wake Louis Bourgeois alishafariki 1930 hajaliona limeisha. Jiwe bado lipo, huko chini kwenye msingi.

Na kwa mnaouliza kama na sisi Afrika tunayo, ipo Kampala kwenye kilima cha Kikaya tangu 1961, na Kenya ipo ya Matunda Soy ilifunguliwa 2021. Kampala basi linafika, mkijikusanya mnaenda.

Sasa mama yangu mnamjua, kashona sare za shule Buguruni miaka yote, ada yangu imetoka kwenye ile cherehani. Hapa ni saa nne asubuhi, kwenu saa kumi na mbili jioni, nimempigia sasa hivi nikamsimulia yote hayo, na muda wote nasikia cherehani inalia huko nyuma, nilipofika kwenye lile jiwe kukataliwa na mafundi likaja kuwekwa msingi, nikasikia cherehani imesimama. Kanyamaza. Afu akaniambia, mwanangu, hebu nionyeshe hilo jiwe.

Yuko hewani hapa. Mama, unaniona? Haya shikilia simu vizuri, twende tukashuke ngazi.