Tazama Kwanza, Ndipo Uchome

Ndugu zangu, nianze na mgonjwa ambaye wengi wenu mtakutana naye. Amechomwa fila, dawa ya kujaza ngozi, kwenye mkunjo unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo, na hata hajanyanyuka kitini ngozi imepauka. Baadaye yanajitokeza madoa ya zambarau yaliyofumana kama wavu. Mshipa wa damu umeziba, hilo mnalijua. Upi, na umeziba wapi?

Tumezoea kumwaga hayaluronidezi eneo zima, kimeng'enya kinachoyeyusha asidi ya hayaluroniki iliyomo katika fila nyingi, na kurudia mpaka rangi irejee. Njia hiyo imeokoa nyuso nyingi, sikatai. Ila ni kutupa jiwe gizani. Ultrasaundi, mashine inayopiga picha kwa mawimbi ya sauti, ya megahezi 15 hadi 22 haioni mbali, sentimita mbili tatu tu, lakini uso hauhitaji zaidi ya hapo. Washa Dopla ya rangi, inayoonyesha damu inavyotembea, ufuate ateri ya uso hatua kwa hatua. Rangi inapokatika, sindano iende hapo hapo huku unaiona kwenye skrini, na dozi ndogo hutosha. (Wanafunzi hudhani nyekundu ni ateri na buluu ni vena. Sivyo: rangi huonyesha damu inakifuata kichwa cha mashine au inakikimbia.)

Jambo la pili ni fila yenyewe. Muulize mgonjwa alichomwa nini. Atakwambia jina la saluni. Skrini husema zaidi. Asidi ya hayaluroniki huonekana kama vifuko vyeusi. Fila ya kalsiamu hung'aa na kuacha kivuli chini yake. Silikoni ya maji hutanda kama ukungu mweupe, ukafunika kila kilicho nyuma yake. Ukiuona ukungu huo, weka kimeng'enya chini: silikoni haiyeyuki, wala kalsiamu.

Mgonjwa akisema jicho halioni, msianze kutafuta mashine. Mishipa ya pua na paji la uso huungana na ateri ya jicho. Hapo kila dakika ina thamani, mwiteni daktari wa macho mara moja.

Sasa njooni mezani mjaribu. Jeli iwe nyingi, mkono uwe mwepesi. Ukikandamiza, utaufunga mshipa wewe mwenyewe, halafu utatuambia umegundua mshipa ulioziba.